Vyumba Viwili Visivyokuwa Kwenye Mchoro

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wapwa zangu wote wawili. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba ule mgongo wako umepata nafuu, maana kazi ya kuinua wagonjwa si ya kuchezea na wewe hujui kusema umechoka. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini.

Barua yako nimeipata. Loo, dada, umenipa vidonge vyangu na maji ya kumezea hukunipa! Unasema nimeota mapembe, eti kazi ya ofisi imenipanda kichwani. Unasema kila ukimpigia Shangazi na kumuuliza habari zangu anakujibu kwamba siku hizi hanioni, na unataka kujua ni mtu wa namna gani anayekaa mji mmoja na mama aliyemlea, miezi ikapita asitie mguu mlangoni pake. Umeniita jiwe. Nimesoma yote, nikaikunja barua, nikaenda kupiga pasi shati la kazini. Sikukasirika. Siku hizi sikasiriki. Niko kama mguu uliokaliwa muda mrefu, nauona ni wangu lakini nikiugusa hausemi kitu.

Nimeamua kukujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nawe ukianza kusema ni mpaka salio liishe. Nitakueleza kwa mpangilio. Tafadhali usirukie mwisho, maana nakujua.

Unajua kwamba tangu kiwanda cha chapa kifungwe, lile jengo lilibaki na Shangazi peke yake. Wenye kiwanda walimwachia fungu zima la funguo, wakamwambia aangalieangalie mpaka watakaporudi, nao hawakurudi. Yeye akaendelea kuishi kwenye vile vyumba vyetu viwili mwishoni mwa ghala la karatasi, nyuma ya ule ukuta wa mbao alioupigilia kwa mkono wake kwa mbao za makasha, alipotuchukua baada ya baba na mama kutangulia. Wewe ulilala upande wa dirisha na mimi upande wa joto, kwa sababu ulikuwa mkubwa na mbabe, na mpaka leo hujaniomba radhi.

Sasa, mwaka huu halmashauri ya mji imekumbuka kwamba jengo lile ni la kale, nguzo zake za chuma na ngazi zake za mbao hazipatikani tena popote, na imeamua kulitengeneza liwe maktaba. Kabla fundi hajagusa tofali, sheria inataka jengo lipimwe na kuwekewa kumbukumbu lilivyo. Kazi hiyo ikaiangukia ofisi yetu, na ofisini ikatuangukia mimi na mkuu wangu, yule tunayemwita Milimita kwa sababu kwake hakuna kosa dogo.

Wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako anapima viwanja, nami nimechoka kukusahihisha, lakini leo inabidi uelewe. Tuna mashine inayosimama juu ya miguu mitatu. Unaiweka katikati ya chumba, unaiwasha, inazunguka taratibu huku ikirusha mwanga wa leza kila upande. Kila mahali mwanga unapogonga, mashine inaandika nukta. Ikimaliza una mamilioni ya nukta, na kwenye kompyuta unakiona chumba kizima kama kimechorwa kwa mchanga. Haichagui. Inachukua nguzo, na inachukua ndoo iliyo karibu na nguzo. Unaihamisha chumba hadi chumba, kisha unaunganisha vipande vyote, unapata jengo zima.

Halafu inakuja kusafisha, na hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Kila kisicho jengo kinafutwa: viti, nguo za kwenye kamba, watu. Nina mkono mwepesi. Milimita husema mimi nikisafisha chumba hata vumbi linahama. Kitu kimoja tu hakifutwi hovyo, nacho ni mahali anapoishi mtu. Hapo tunaweka alama ya makazi, ili halmashauri ijue kuna mkaazi, imhamishe wakati wa matengenezo kisha imrudishe kwake. Pasipo na alama, hakuna mtu.

Ofisini hakuna aliyejua nilikolelewa. Sikuwahi kusema uongo mkubwa. Siku za kwanza kazini watu walikuwa wakitaja baba zao, huyu mhandisi, huyu mwalimu mkuu, nilipoulizwa nikasema nililelewa na ndugu kwenye nyumba yenye ngazi. Ngazi zilikuwepo kweli. Zilikuwa za kiwanda, nasi tulikaa chini yake. Lakini neno likishatoka halirudi, nikawa mtoto wa ghorofani, na watu wakanizoea hivyo.

Shangazi nilimpigia kumwambia wapimaji watakuja, sikumwambia kwamba nami nimo. Garini nilikuwa na njia nzima ya kumwambia Milimita jengo lile nalijua. Tukazungumza habari za betri. Tulipofika Shangazi alitufungulia akiwa na gauni lake zuri, lile la kola. Aliponiona nyuma ya Milimita uso wake ukafunguka, nikaona anataka kuniita lile jina la utotoni. Nikamuwahi. Nikamwambia habari za asubuhi, mama. Mimi, dada, niliyefundishwa shikamoo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Uso wake ukasimama kidogo. Kisha akajibu kwamba habari ni nzuri, bwana mpimaji, karibuni ndani, akageuka kututangulia.

Siku nzima aliniita bwana mpimaji. Hakukosea hata mara moja, ungedhani amefanyia mazoezi. Alituletea viti na maji ya kunywa, akamuuliza Milimita habari za watoto wake, mimi hakuniuliza kitu. Tulipofika kwenye vyumba vyetu nilijisahau. Kioo huisumbua mashine, kikipigwa na mwanga inaandika chumba kingine nyuma yake ambacho hakipo, kwa hiyo vioo vyote hufunikwa. Mimi nilisukuma mlango, nikapitisha mkono nyuma yake bila kuchungulia, nikakifunika kioo kwa kanga iliyokuwa kwenye msumari. Milimita akaniuliza nimejuaje kuna kioo pale. Nikamjibu kwamba kwenye vyumba vya namna hii kioo hukaa nyuma ya mlango. Shangazi akadakia kwamba ni kweli, bwana, maskini wote wana akili moja. Milimita akacheka, na mimi nikacheka.

Akaombwa atoke kidogo mashine izunguke. Akasema mguu unamuuma. Milimita akamwambia kwa heshima kabisa akae tu, mama, asijali, atafutwa baadaye. Ndivyo tunavyosema kazini, haina ubaya. Shangazi akajibu kwamba haya, basi mumfute polepole, akatulia ukingoni mwa kitanda mikono mapajani mpaka mashine ikamaliza.

Michoro ilipokelewa na kusifiwa. Baada ya hapo mkandarasi akaja na karatasi inayosema jengo ni tupu. Shangazi alikuwa amekwenda kliniki kwa ajili ya ule mguu. Aliporudi alikuta kufuli jipya, vitu vyake vimepangwa vizuri tu chini ya kibanda cha saruji, na kijana mmoja wa ulinzi akamwomba radhi. Akaenda halmashauri. Kule karani akamfunulia mchoro, akamwonyesha kwa kalamu: hapa ghala, mama, tupu, ukuta hadi ukuta. Shangazi akamwambia kwamba hapo ndipo kilipo kitanda chake. Karani akamjibu, wala si kwa ubaya, kwamba mchoro wa kitaalamu haudanganyi.

Basi akaja kwangu na kikapu chake. Hayo yote hukuyajua, kwa sababu kila ulipompigia alikwambia yuko nyumbani. Aliogopa ungeacha kazi ukapanda ndege. Wakati ananisimulia nilikuwa nakaanga mayai. Niliendelea kuyakaanga, nikayageuza, nikatia chumvi, nikamwekea kwenye sahani. Nakwambia hivyo ili ujue nilivyokuwa. Nilingoja nilie, machozi hayakuja. Nikangoja niogope, napo hola.

Kitanda changu alikikataa katakata. Alilala kwenye kochi, na asubuhi nilikuta shuka imekunjwa, mto juu yake, kama mgeni anayesubiri gari. Aliniomba ruhusa ya kuwasha jiko. Aliniomba ruhusa ya kufungua dirisha. Mtu aliyeniogesha kwenye beseni! Ningetaka kumwambia Shangazi acha, hapa ni kwako, lakini yeye kwake alipajua ni wapi.

Dada, mpaka hapa labda unawalaani watu wa halmashauri. Waache. Nilipokuwa nasafisha zile nukta, Milimita alisimama nyuma yangu akauona ule ukuta wa mbao, kitanda, sufuria, na Shangazi ameketi. Akaniuliza, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kama pale anaishi mtu, kwa sababu kama anaishi lazima tuweke alama. Nikamwambia hapana. Nikamwambia ni stoo tu, yule mama ni mlinzi, anashinda pale mchana na kurudi kwake jioni. Akaniamini, mimi si mtu wa kukosea. Alipoondoka nikachagua kitanda nikakifuta. Nikafuta rafu, viatu, ukuta wa mbao wote, nikamfuta na Shangazi. Ilikuwa kazi safi. Hakuna aliyenituma. Niliona aibu tu, aibu ya mtu kujua kwamba pale ndipo nilipokulia. Nikadhani ni mchoro, nani atasoma mchoro?

Nilimwambia Shangazi yote hayo jioni moja akiwa anashona kifungo cha shati langu. Sikupiga magoti, sikulia, nilimwambia kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Akakata uzi kwa meno. Akasema siku ile mlangoni alishanielewa na hakunilaumu, kijana akiwa na wakubwa wake ana mambo yake, ila hilo la mchoro hakulijua. Kisha akasema mtoto akikunyea mkononi huukati mkono. Akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia nitakwenda kwenye kamati ya majengo ya kale kueleza ukweli wote. Zile nukta za mwanzo, kabla ya kusafishwa, ziko salama ofisini, kitanda kimo na yeye yumo. Nitasimama niseme huyu ni shangazi yangu, amenilea humu, nimemfuta kwa aibu yangu. Nilikuwa nimejiandaa, dada. Nadhani hata nilitamani, labda ingeniuma nikaamka.

Shangazi akaniambia ng'o. Akaniuliza nina akili timamu au zimebaki kwenye mashine. Akasema nikimwita shangazi mbele ya wale watu watasema kitanda nimekichora mwenyewe. Mpwa anamtetea shangazi yake, nani atamsikiliza? Lakini mpimaji asiyemjua, aliyekosea kazi yake na amekuja kusahihisha, huyo watamwamini. Akaniambia nimwite huyu mama, kama nilivyomwita. Akasema kazi hiyo naiweza, kwa sababu ameshaniona nikiifanya. Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama anavyosema mtu anayejua ufunguo gani unafungua wapi. Nilijaribu kubisha, akasema yeye haombi radhi yangu, anaomba vyumba vyake.

Basi nikamwambia Milimita kwamba nimekosea, yule mama niliyemdhani mlinzi wa mchana kumbe anaishi mle, na ule ukuta wake niliudhani ni wa muda tu. Alinikemea mpaka mate yakamtoka, lakini ni mtu wa haki, akaomba kikao mwenyewe. Mbele ya kamati tulifungua zile nukta ukutani. Ukaonekana ukuta wa mbao, rafu, kamba ya nguo. Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, akauliza yule aliyeketi ni nani. Nikasema ni huyu mama. Akaniuliza, na karani akaandika, kama nina udugu au mahusiano yoyote naye. Shangazi alikuwa ameketi mbele yangu na kola yake. Nikasema hapana, nilimwona mara ya kwanza siku ya kupima. Wakamgeukia yeye, kama ananifahamu. Akasema hanifahamu, anajua tu kwamba ni mpimaji. Wakamuuliza kama ana ndugu wa kumchukua. Akasema anaye mtoto mmoja wa kaka yake, wa kike, ni muuguzi, yuko mbali.

Mmoja, dada. Nilimsikia.

Tulishinda. Kamati imeamua vyumba vile ni sehemu ya maisha ya jengo, ukuta wa mbao usibomolewe, na Shangazi akae humo maisha yake yote, mafundi wamzunguke. Mwenyekiti alisema wazi kwamba ushahidi uliomwokoa huyu mama ni wa mtaalamu asiye na maslahi. Karani akaliandika na hilo. Watu wakanipa mkono. Shangazi naye akanipa mkono, akanishukuru, akanitakia kazi njema.

Sasa ndiyo unaelewa kwa nini anakwambia hanioni. Fundi mkuu na mafundi wake wako pale kuanzia asubuhi, mlinzi yuko usiku, na yule fundi mkuu alitaka sana zile nafasi ziwe vyoo vya maktaba. Akijua tu kwamba mimi ni mtoto wa nyumba ile, kikao kinaitishwa upya, na sidhani kwamba safari hiyo yupo atakayeamini kitanda. Naye hatupigiani simu, kwa sababu huongea na simu akiwa ameiweka sauti ya juu, unamjua, mtaa mzima unasikia.

Lakini si kweli kwamba sitii mguu. Nakwenda kila mwezi. Ofisi inanituma na mashine kupima kama kuta zimesogea kwa sababu ya matengenezo. Nabisha hodi kwenye mlango wetu, ananikaribisha bwana mpimaji, namwitikia asante mama. Nafunika kioo. Mashine inazunguka. Yeye anakaa palepale ukingoni. Mara hii ya mwisho fundi mkuu alikuwa ameegemea mlango anakunywa chai, na Shangazi, kwa mazungumzo tu, akaniuliza kama wazee wangu wapo hai. Nikamjibu kwamba wametangulia, nililelewa na mtu mwingine. Akauliza kama huyo mtu yupo. Nikasema yupo. Akauliza kama namtunza. Nikasema sijui, mama, najitahidi. Akaitikia kwa kichwa, akakung'uta kitu kwenye gauni lake, akaniambia nikifika nimsalimie sana huyo aliyenilea. Nikamjibu zimefika.

Nilipakia mashine nikaondoka. Mkono ulikuwa unatetemeka kwenye usukani, na hicho ndicho kitu pekee ninachoweza kukutajia kama habari njema.

Dada, sikuombi unisamehe, fanya utakavyoona. Ninalokuomba ni uchukue likizo uje. Wewe kamati inakutambua, umeandikwa. Njoo ukae naye, umwite Shangazi kwa sauti, madirisha yakiwa wazi na mafundi wakisikia, ulale upande wako wa dirisha. Nikija na mashine nitakuamkia kama mgeni, nawe uniitikie hivyohivyo, usinicheke wala usinililie. Barua hii ukishaisoma ichome.

Msalimie shemeji, waambie watoto mjomba wao anawakumbuka. Tunza mgongo wako.

Ni mimi mdogo wako,
mpimaji.